Friza la samaki linajaa barafu: soma barafu yenyewe kabla ya kuita fundi

Barafu inayojijenga kwenye kuta za friza ni maji yaliyoingia kutoka mahali fulani. Friza lenyewe halitengenezi maji. Maji huletwa na hewa ya nje, na samaki wenyewe, au yalimwagika na kuganda upya. Kuna njia moja zaidi, maji kuingia ndani ya mabomba ya gesi, na hiyo ina dalili zake za peke yake. Kila chanzo huacha barafu ya aina yake na mahali pake, kwa hiyo ukiangalia ilipo na ilivyo, nusu ya kazi umeshaimaliza.

Mwongozo huu ni wa wauza samaki wa Dodoma na maeneo ya jirani, wanaopokea perege na kambale wa Mtera au sato na sangara wa Mwanza na kuwatunza kwenye friza la kulala, lile la mfuniko juu. Kosa linalowagharimu wengi ni kumwita fundi “aongeze gesi” kwenye friza ambalo gesi yake ni nzima. Fundi anatoboa bomba lililokuwa limefungwa kiwandani, anajaza kwa kukisia, na tatizo dogo la mpira wa mfuniko linageuka kuwa tatizo la kompresa.

Barafu nene si suala la nafasi tu. Barafu laini ya ukutani imejaa vijishimo vya hewa, na hewa iliyotulia haipitishi baridi vizuri. Ukuta unakuwa wa baridi kali huku samaki walio katikati hawaipati. Themostati haitosheki, kompresa halipumziki, na uniti za LUKU zinakwisha kabla ya wakati. Ikifika nusu sentimita, yeyusha. Usisubiri ifike vidole viwili.

Kabla ya kufanya lolote, weka kipimajoto katikati ya samaki, si ukutani, ukiache usiku mzima. Kinatakiwa kisome nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi. Kikisoma hivyo na barafu bado inajaa haraka, mfumo wa gesi unafanya kazi. Tafuta maji yanakoingilia.

Barafu ya unga kuzunguka mdomo, pande zote sawasawa

Hii ni hewa. Kila ukifungua mfuniko, sehemu ya hewa kavu ya ndani hutoka na hewa yenye mvuke huingia. Mvuke hukutana kwanza na ukuta wa juu, unaganda hapo hapo.

Hesabu yake ni hii. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 60, kama siku za mvua kati ya Desemba na Aprili, hubeba takriban gramu 18 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Friza la lita 300 likibadilisha hewa yake yote, linapokea gramu 5 hivi, yaani kijiko kimoja cha chai. Katikati ya kiangazi, hewa ya Dodoma ikiwa na nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 40, kiasi hicho hushuka hadi karibu nusu. Ndiyo maana friza lile lile, kwa muuzaji yule yule, huhitaji kuyeyushwa mara nyingi zaidi Januari kuliko Agosti, na hakuna kilichoharibika.

Friza la kulala lina nafuu kwa sababu hewa baridi ni nzito na hutulia chini hata mfuniko ukiwa wazi. La kusimama humwaga baridi yake yote miguuni kwako kila mlango unapofunguka. Anayeuza rejareja siku nzima asitumie la kusimama kama ana hiari.

Dawa ni kupunguza kufungua. Kila asubuhi hamishia samaki wa kuuza siku hiyo kwenye boksi la baridi lenye barafu, uza kutoka hapo, na friza lifunguliwe mara mbili au tatu tu. Panga samaki kwa ukubwa, kila ukubwa na kapu lake, ili mteja akitaka wa nusu kilo usisimame dakika nzima ukichambua mfuniko ukiwa wazi. Na usiweke friza karibu na sufuria inayochemka au jiko la kukaangia. Mvuke wa jikoni una maji mengi kuliko hewa ya masika.

Barafu nene kona moja au upande mmoja tu

Hapa mfuniko haufungi. Barafu ikikusanyika mahali pamoja inakuonyesha kwa kidole hewa inapopita.

Jaribu kwa karatasi. Kata kipande cha upana wa vidole viwili, kibane kati ya mpira na mdomo wa friza, funga, kisha kivute polepole. Kinatakiwa kikaze. Zunguka mfuniko wote, kila baada ya sentimita 10. Kikichomoka bila kugoma, hapo pana uwazi. Njia ya pili: usiku zima taa za chumba, washa tochi ya simu, iweke ndani ya friza, funga mfuniko, angalia mwanga unakotokea. Usiisahau simu humo.

Sababu kubwa kwetu ni vumbi. Upepo wa Juni hadi Oktoba hujaza vumbi jekundu kwenye mikunjo ya mpira, linachanganyika na mafuta ya samaki na kugeuka utando mgumu, na mpira hauwezi tena kulala sawasawa. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, tumia mswaki wa zamani kuingia kwenye mikunjo, kausha kabisa. Mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi inatosha. Usitumie petroli wala mafuta ya taa, huufanya mpira uvimbe na kupasuka.

Mpira safi usiofunga huenda umejikunja. Chovya kitambaa kwenye maji ya moto, kiweke juu ya sehemu iliyolala kwa dakika chache mpaka mpira ulainike, uvute kwa vidole urudi umbo lake, halafu funga mfuniko na uweke uzito mdogo juu ya sehemu hiyo hadi mpira upoe. Mpira uliochanika hauna dawa ya gundi, nunua mwingine. Pima urefu na upana kutoka mfereji hadi mfereji, si kutoka ncha hadi ncha, na nenda dukani na kipande cha ule wa zamani, kwa sababu umbo la sehemu inayoingia kwenye mfereji hutofautiana.

Mpira ukiwa mzima, angalia bawaba na sakafu. Friza lililosimama kwenye sakafu iliyobonyea upande mmoja hujipinda kidogo, na mfuniko unaacha uwazi kwenye kona iliyo mkabala. Weka chupa ya maji iliyojaa nusu juu ya ukingo, uone maji yamelala vipi, kisha ingiza kipande cha ubao chini ya mguu ulio chini. Tena, mfuniko wa friza si meza. Mizani, ndoo na magunia ya mkaa huupinda taratibu, na mfuniko uliopinda haurudi.

Barafu inayojaa siku moja au mbili baada ya kupokea mzigo

Mwezi mzima friza ni safi, unapokea samaki, keshokutwa kuta ni nyeupe. Maji yamekuja na samaki. Ukiweka kilo 20 ambazo kila moja ina gramu 20 tu za maji juu ya ngozi, umeingiza gramu 400, kiasi ambacho hewa ingekileta kwa kubadilishwa yote mara 80. Sehemu ya maji hayo huganda juu ya samaki mwenyewe, nyingine hutiririka chini, na iliyobaki hupanda kama mvuke wakati samaki bado ana joto na kukimbilia ukutani.

Joto la samaki ni tatizo la pili. Kugandisha kilo 20 kutoka nyuzi 25 hadi 18 chini ya sifuri ni kuondoa joto la karibu megajuli 7.5, na sehemu kubwa kati ya hizo ni ya kugeuza maji ya nyama kuwa barafu. Friza la kawaida la dukani hutumia nusu siku au zaidi kwa kazi hiyo. Wakati wote huo kuta ziko baridi na samaki bado anatoa mvuke. Kwenye kibati cha nyuma cha friza nyingi pameandikwa uwezo wa kugandisha kwa saa 24, kwa kilo. Watu husoma lita na kudhani lita ndizo kilo za samaki wabichi wanazoweza kutia kwa mkupuo. Friza la lita 300 linaweza kutunza kilo nyingi za samaki walioganda tayari, lakini wabichi litagandisha sehemu ndogo tu ya kiasi hicho kwa siku.

Fanya hivi mzigo unapofika. Mtera ni zaidi ya kilomita 100, hivyo samaki waje ndani ya barafu tangu mwaloni, tabaka la barafu, tabaka la samaki. Wakifika, toa matumbo na matamvua, osha, kisha waache wachuruzike kwenye chekeche au kapu lililoinamishwa, kivulini, juu ya barafu, kwa dakika 15 hadi 20. Futa kwa kitambaa safi. Fungasha kwenye chombo cha chakula kinachofunga, hewa ikiwa imesukumwa nje. Gawa mzigo kulingana na kibati: wanaozidi wabaki kwenye barafu hadi kesho. Saa chache kabla ya mzigo, peleka themostati kwenye baridi ya juu kabisa, na uirudishe kiwango cha kawaida samaki wakishaganda.

Wanaobaki wazi bila kufungashwa wanapoteza maji siku hadi siku. Barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuyeyuka, na mvuke ule unaishia ukutani. Ngozi ya samaki hubaki na madoa meupe makavu, nyama inakuwa ya nyuzinyuzi. Barafu unayokwangua ni uzito uliolipia kwa mvuvi. Asiye na vifungashio awavishe samaki walioganda koti la barafu: wachovye kwenye maji safi ya baridi sana kwa sekunde chache, watoe, maji yagande juu yao, rudia mara ya pili. Koti hilo ndilo litakalokauka badala ya nyama.

Ukikuta theluji ndani ya kifungashio kilichofungwa vizuri, chanzo ni hewa iliyobaki ndani pamoja na joto linalopanda na kushuka: umeme kukatika, themostati mbovu, au samaki wabichi kurundikwa juu ya walioganda.

Barafu ngumu, angavu, iliyolala chini

Hii ilikuwa maji ya kimiminika. Umeme ulikatika kwa muda mrefu, barafu ya juu ikayeyuka, ikateremka, ikaganda tena. Au kuna chombo kilichopasuka. Inuse: barafu yenye harufu na rangi ya damu inamaanisha samaki wenyewe waliyeyuka, na hapo swali si barafu tena bali usalama wa chakula. Samaki waliolainika na kupata joto wasirudishwe kugandishwa wauzwe kama wazima.

Umeme ukikatika, usifungue kabisa. Friza lililojaa hushikilia baridi kwa muda mrefu zaidi kuliko lililo nusu. Kwa hiyo mapema, umeme ukiwepo, nafasi iliyobaki ijazwe chupa za maji zilizoganda. Funika kwa blanketi nzito, lakini liondolewe umeme unaporudi, kwa sababu kuta za nje za friza nyingi za kulala ndizo zinazotoa joto. Ukiugusa ubavu ukawa wa moto, ni kawaida yake. Acha sentimita 10 au zaidi za hewa kila upande. Tumia kilinzi cha friji kinachochelewesha umeme kwa dakika 3 hadi 5, ili presha za gesi zilingane kabla ya kompresa kuanza.

Barafu sehemu moja ya ukuta, kwingine pakavu

Sasa ni zamu ya fundi. Friza lenye gesi ya kutosha huvaa ukungu karibu sawa kwenye kuta zote zenye koili, yaani mabomba ya baridi yaliyo nyuma ya bati. Barafu ikishika pale gesi inapoingilia tu, kwingine pakiwa pa uvuguvugu, na kompresa halizimi, gesi imepungua au njia imeziba nusu. Gesi haitumiki ikaisha, ikipungua, imevuja. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu atarudi baada ya wiki chache, na utalipa tena.

Tundu mara nyingi limetengenezwa na kisu. Bomba la ndani mara nyingi ni la aluminiamu na liko nyuma tu ya bati jembamba, na anayechokonoa barafu kwa ncha ya kisu halioni. Chumvi nayo, ambayo wengi huimwaga ili barafu iyeyuke haraka, huila aluminiamu polepole.

Soma kibati uone aina ya gesi. Yenye maandishi R600a inawaka moto, na huwa na alama ya mwali karibu na kompresa. Fundi hapaswi kuwasha gesi ya kuchomea mpaka aitoe yote nje mahali penye upepo na kupitisha naitrojeni. Kitu kingine kuhusu R600a: friza likifanya kazi, upande wa baridi huwa chini ya presha ya hewa ya nje. Povu la sabuni halitaonyesha kitu, maana tundu linavuta ndani badala ya kutoa. Zima, subiri presha zilingane, ndipo upake povu.

Linagandisha, linaacha, linagandisha tena

Kompresa linanguruma muda wote, lakini baridi inakuja na kuondoka. Hapo barafu iko ndani ya bomba. Tone dogo la maji lililoingia kwenye mfumo husafiri na gesi hadi mwisho wa kapilari, bomba jembamba kupita yote, linaganda na kuziba. Baridi inakatika, friza linapata joto, kizibo kinayeyuka, gesi inapita, na mzunguko unaanza upya. Uthibitisho: wakati baridi imekatika, weka kitambaa cha maji ya moto pale kapilari inapoingia kwenye koili, kama inafikika. Ukisikia gesi ikianza kufoka, ni maji. Kizibo cha uchafu hakifunguki kwa joto.

Maji hayo huingia kupitia tundu linalovuta hewa, au yaliachwa na fundi aliyejaza gesi bila kuvuta hewa kwa pampu. Kusukuma hewa nje kwa gesi yenyewe hakutoshi. Mdai mambo matatu: filta mpya (ile inayonasa maji na uchafu kwenye gesi) kila mfumo unapofunguliwa, na vifuniko vyake vitolewe dakika ya mwisho kabla ya kuchomea kwa sababu filta hunyonya unyevu wa hewa, pampu ya vakyumu ifanye kazi dakika 30 au zaidi, na gesi ipimwe kwa mizani hadi gramu zilizoandikwa kwenye kibati. Gesi ikizidi, utaona barafu au jasho jingi kwenye bomba la nje linalorudi kwenye kompresa. Hiyo nayo irekebishwe mapema, kwani gesi ya kimiminika ikifika kwenye kompresa hulivunja.

Kompresa halizimi na kuta zote zina barafu sawa

Angalia kwanza themostati haikuachwa kwenye namba ya mwisho. Halafu angalia kama kihisio chake, ule waya mwembamba wa shaba, kimechomoka kwenye ala yake. Kikiwa nje kinapima joto la hewa ya nyuma ya friza, na hakitatosheka milele.

Friji za kusimama zinazojiyeyushia barafu

Barafu ikivimba nyuma ya paneli ya ndani na feni ikaanza kukwaruza, hita ya kuyeyushia haifanyi kazi, au taima au swichi yake ya joto. Chomoa umeme, pima hita kwa multimita: ya wati 150 kwa volti 230 hutoa takriban omu 350. Isiposoma kitu, imekatika. Swichi ya joto ipimwe ikiwa imegandishwa; kwenye joto la chumba huwa wazi hata ikiwa nzima. Barafu ikijaa chini ya droo tu, tundu la maji limeziba. Limwagie maji ya moto kwa sirinji isiyo na sindano.

Kuyeyusha bila kuharibu

Anza asubuhi. Chomoa plagi. Samaki wakae kwenye boksi la baridi, wamebanana, barafu juu yao, wamefunikwa blanketi. Fungua kizibo cha chini na uweke beseni. Weka ubao au kitambaa kilichokunjwa ndani, juu yake sufuria ya maji ya moto, funga mfuniko dakika 15, badilisha maji, rudia. Barafu ikiachia, ing'oe kwa mikono au mwiko wa mbao. Usitumie kisu, nyundo, mkaa wa moto wala pasi.

Osha kwa maji yenye magadi ya kupikia kidogo, suuza, kausha kila pembe. Maji yanayobaki ndiyo ukungu wa kesho. Rudisha kizibo, washa likiwa tupu, na usirudishe samaki mpaka kipimajoto kisome nyuzi 18 chini ya sifuri.